Nilisema Kimekauka

Lusia mwanangu,

Umeondoka saa tatu kwenda Igamba kumuaga bibi yako, na umesema utarudi kabla jua halijazama. Kwa hiyo nina mchana huu mmoja. Nimefunga genge, nimewaambia madereva leo hakuna chai. Nimekaa kwenye kiti cha baba yako pale dirishani na nimechana karatasi katikati ya daftari lako la zamani la hesabu. Utaona herufi zinapanda na kushuka. Si baridi. Ninaogopa.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za kuchemsha maji, wala za kutopokea soda ya mtu usiyemjua kwenye basi. Hayo nimekwisha kukuambia mpaka unayamalizia mwenyewe kwa sauti yangu. Mimi nimesoma hadi darasa la saba, na barua ndefu kuliko zote niliyowahi kuandika ni ile ya kumwarifu shangazi yako kuwa baba yako amefariki. Hii itakuwa ndefu zaidi, na inahusu kifo hichohicho.

Unakumbuka Jumanne ya wiki iliyopita? Ulikuwa umekaa kizingitini na yale madaftari uliyoazimwa na binti wa jirani aliyemaliza uuguzi, mimi nachambua maharage. Ukanipa daftari moja ukasema, "Niulize, mama."

Nikauliza, "Mchubuko."

"Ngozi ya juu imekwaruzika, ya chini ingali nzima."

"Lengelenge."

"Maji yamejikusanya chini ya ngozi. Halipasuliwi, hata mgonjwa akiomba."

"Wekundu."

"Unabonyeza kwa kidole. Ukififia halafu ukarudi, damu inapita. Usipofifia, ngozi imeanza kufa kwa ndani hata kama juu haijachanika." Kisha ukanyoosha shingo. "Umeona? Nimeshakuwa nesi. Kaa foleni, mama, usubiri kuitwa."

Tulicheka wote wawili. Halafu ukachukua daftari ukaendelea kusoma peke yako, na sauti yako ikapungua. Ulisoma kwamba gamba jeusi na gumu juu ya kidonda cha mgandamizo si dalili ya kupona, ni nyama iliyokufa, nalo hufunika isionekane kidonda kimeshuka kiasi gani. Ukasema, "Mama, hiki ndicho alichokuwa nacho baba."

Nikasema, "Eh."

"Na yule Agripina amesomea hili. Akaja hapa ndani, akasimama na mkoba wake, akaondoka bila hata kumfunua. Nilimwona kwa macho yangu."

Mimi nikasema, "Maharage haya yana mawe mengi."

Hayakuwa na mawe.

Jumamosi ikawa mbaya zaidi. Tulikuwa stendi, kwenye lile banda la mashuka na mabeseni, ndipo Sista Agripina akatokea na kikapu chake, nywele zimekuwa nyeupe zote. Alikutambua kabla hatujamtambua. Alisema, "Wewe si Lusia? Umekuwa mkubwa. Unasoma wapi sasa?" Nawe ukamjibu bila kumsalimia, "Naenda kusomea uuguzi, ili watu wasife kama baba yangu alivyofia mikononi mwako." Muuza mabeseni alisema, "Duh, dada." Watu wakageuka.

Sista hakukutazama wewe. Alinitazama mimi. Mimi nikakunjua shuka nikaanza kulikagua kama natafuta tundu. Akahamishia kikapu mkono wa pili, akakuambia, "Uuguzi ni kazi nzuri. Soma sana, mwanangu," akaenda kupanda gari la Vwawa. Njiani ulisema, "Umeona? Hana hata la kujibu."

Alikuwa nalo, Lusia. Amekuwa nalo kwa miaka kumi.

Nianze na yale unayoyajua, ili ukifika kwenye usiyoyajua uwe umeshika ukuta. Unajua kwamba baba yako alikuwa mpima mizani kwenye ghala la ushirika wa kahawa huko Mbozi, na kwamba wanunuzi binafsi walipoingia, ghala lilifungwa tukahamia hapa Tunduma akawa mpakia mizigo mpakani. Unajua alianguka kutoka juu ya lori, gunia la mahindi likateleza akaenda nalo, mgongo ukatangulia kwenye lami. Ulikuwa darasa la tatu. Alirudi kutoka hospitali ya Mbeya akiwa hana miguu, ingawa miguu ilikuwepo. Wageni wakija kumpa pole alikuwa akiwaambia, "Miguu yangu imevuka mpaka bila pasi. Iko Nakonde kwa Wazambia inakula ugali wao wa nshima. Ikishiba itarudi." Watu walikuwa hawajui kama wacheke.

Wewe ulikuwa unacheka. Ulikuwa unakaa kwenye kona ya kitanda na kitabu chako, na lori likipiga honi barabarani yeye alikuwa akifumba macho na kusema, "Huyo ni Mwale. Anabana honi kama anaomba msamaha." Ulikuwa ukikimbia dirishani na kurudi ukipiga kelele, "Ni yeye kweli, baba." Sijui alikuwa anapatia mara ngapi na wewe ulikuwa unamdanganya mara ngapi. Sikuwahi kukuuliza, na sitaki kujua.

Siku ya kuruhusiwa hospitalini, nesi mmoja mfupi alinikalisha akanieleza. Alisema, "Mama, huyu hasikii kuanzia kiunoni. Akilalia jiwe hatajua. Kwa hiyo wewe ndiye utakayesikia kwa niaba yake." Akanionyesha jinsi ya kumgeuza kila baada ya saa mbili, kulia, kushoto, kifudifudi akiweza. Nilinunua saa ya kengele. Wiki za mwanzo nilikuwa nageuza kama askari anavyobadilisha zamu.

Halafu ikabidi nifungue genge, maana hatukuwa na mtu mwingine wa kutulisha. Saa mbili zikawa nne. Siku ambazo malori yalipanga mstari mpaka mlimani na madereva wakitaka chai, zilikuwa tano. Nilikuwa narudi namkuta amelala vilevile nilivyomwacha, ananitabasamia. Angelalamika ningekimbia. Lakini hakuwa na cha kulalamikia, hakusikia kitu. Nami nikalichukulia lile tabasamu kuwa ndilo jibu.

Alama ya kwanza ilikuwa nyekundu, juu kidogo ya makalio, ukubwa wa kifuniko cha soda. Niliiona. Nilisema moyoni, godoro limempa joto. Ndivyo nilivyoiita, joto. Kwangu mimi kidonda kilikuwa kitu kinachotoa damu. Sista Agripina wa zahanati yetu, aliyekuwa akija kwa miguu yake mara mbili kwa wiki bila kuitwa na mtu, aliibonyeza kwa kidole, akangoja, akabonyeza tena. Akasema, "Hapa pasilaliwe tena, mama Lusia." Alisema kwa sauti ya chini asimtie hofu mgonjwa. Mimi nikadhani jambo linalosemwa kwa sauti ya chini ni dogo.

Ngozi ikachanika, kikawa kidonda. Sista akaanza kukisafisha kwa maji ya chumvi aliyochemsha mwenyewe jikoni kwetu, akakiwekea kitambaa chenye unyevu. Kisha akaenda likizo ya wiki tatu kwao. Kabla ya kuondoka alinifundisha, akanifanyisha mbele yake mara mbili. Aliniambia, "Usikiache kikauke. Kiwe na unyevu kidogo, ndipo nyama mpya inaota."

Hapa ndipo unapoanza usiyoyajua.

Mimi tangu utoto wangu Igamba, kila kidonda nilichokiona kikipona, kilipona kwa kukauka. Mtu akiumia jembe tunamwuliza, "Kimekauka?" Akisema kimekauka tunashukuru na hatuulizi tena. Sasa huyu ananiambia nikiwekee maji. Nilimwitikia kwa heshima, "Ndiyo, sista," na alipoondoka nikakitoa kile kitambaa. Jirani mmoja akaniambia nifungue vidonge vya rangi mbili, nimwage unga wake juu. Nilifanya hivyo asubuhi na jioni. Nikafungua dirisha upepo upige. Siku ya nane au ya tisa kikaanza kufunga gamba, na baada ya siku chache gamba likawa jeusi, gumu, limekaza kingo zote. Niligonga kwa ukucha, likalia kama soli ya kiatu.

Nilifurahi, Lusia. Niliimba nikifua siku ile. Nikamwambia baba yako, "Kimekauka." Akasema, "Basi makalio yangu yana akili kuliko miguu."

Halafu ikaja harufu.

Wewe ndiye uliyeisema kwanza. Ulirudi kutoka shuleni, ukasimama mlangoni mwa chumba chake, ukaniambia kwa kunong'ona asisikie, "Mama, chumba cha baba kinanuka kama nyama iliyosahauliwa." Nikakuambia ni panya amekufa. Nikakupa tochi uingie chini ya kitanda umtafute. Uliingia. Ulitambaa pote, ukatoka na utando wa buibui kwenye nywele, ukaninong'oneza, "Simwoni, mama, labda yuko darini." Nikasema labda. Baba yako akakuuliza unatafuta nini, nawe ukamwambia kalamu.

Utaniuliza kama nilijua. Nimejiuliza miaka yote hii. Nadhani pua yangu ilijua na mimi nikaikataza. Ningefanya nini na ile furaha ya kufua nikiimba? Ilibidi iwe panya.

Bibi yako alikuwa amekuja wiki ileile, huyuhuyu unayemuaga leo. Hajui lolote kati ya haya, na nakuomba asijue, ana umri wake. Kuja kwake tu kulikuwa jambo gumu. Unajua tulivyolelewa. Mama mkwe hali na mkwe wake, hakai naye chumba kimoja, na hata njiani mmoja humpisha mwenzake. Kwa sababu ya ugonjwa alikubali kulala chumba cha mbele, na alikuwa akimsalimia baba yako kutoka upande wa pili wa ukuta. Mlango wa katikati ulikuwa pazia la kitenge. Baba yako aliona aibu kila alipokisikia kikohozi cha bibi.

Sista Agripina alirudi kutoka likizo, na siku ya pili yake akaja. Alimsalimia bibi mkekani, akapita ndani. Aliposimama karibu na kitanda nilimwona akivuta hewa kwa pua, mara moja, kama mtu anayeonja chumvi.

"Mama Lusia, leo nataka nimwone mgongoni."

Baba yako akanitazama, akatikisa kichwa kidogo, macho yakaenda kwenye pazia. Upande wa pili bibi alikuwa anapukuchua mahindi, tunasikia punje zikidondoka kwenye ungo.

Nikasema, "Kimekauka, sista."

"Kimekauka vipi? Kimefunga?"

"Kimefunga kabisa. Ni kigumu hata ukigonga."

"Kina rangi gani?"

"Rangi ya kukauka tu, sista."

"Nifunue kidogo, nione upande mmoja."

Nikasogea karibu na sikio lake. "Mkwe wake yuko hapo."

Akatazama pazia, akamtazama baba yako, ambaye alikuwa amegeuza uso ukutani. Sista ni mtu wa Mbozi vilevile, alielewa. Akafungua kadi ya mgonjwa, akaandika, akasema, "Basi nitarudi Alhamisi. Mama mkwe akiwa ametoka kidogo, nitamwona mgonjwa." Wewe ulikuwa unaingia na ndoo ya maji. Ulichokiona ni nesi amesimama, mkoba mkononi, anaondoka bila kumgusa baba yako. Ulichokiona ni kweli. Ila hukusikia.

Na Alhamisi alikuja. Hili hata baba yako hakulijua. Nilimwona kwa mbali akishuka kutoka barabarani, nikaacha genge nikamkimbilia nikamkuta kabla hajafika uani. Bibi alikuwa bado yupo. Nikamwambia, "Usihangaike, sista, kimepona." Siku ya kwanza nilisema kimekauka, na hilo niliamini, au nusu yangu iliamini. Hii ya pili nilisema kimepona, na hata nusu haikuamini. Alinitazama sana. Akauliza, "Una hakika, mama Lusia?" Nikasema nina hakika. Nikamshika mkono nikamrudisha njiani kama mgeni anayesindikizwa.

Ningeweza kumwambia mama yangu, "Mama, nenda uani." Maneno matatu. Angekwenda bila kuuliza.

Siku chache baadaye baba yako akaanza kutetemeka kwa homa, akawa anazungumza na watu wa ghalani ambao hawakuwepo, anawapimia kahawa. Tukampeleka hospitali kwa gari la kukodi. Daktari alinyanyua lile gamba kwa koleo. Chini yake sitakuandikia. Utakuja kuona kwa wengine, na siku utakayoona kwa mara ya kwanza naomba uwe umekaa. Daktari aliuliza, "Nani alisema hiki kimekauka?" Mimi nilikuwa nimesimama palepale. Baba yako mdogo Festo akampa kadi aliyoichukua zahanati tulipopita. Baba yako aliishi siku mbili tu baada ya hapo. Siku ya mwisho alisikia honi nje ya wodi akaniuliza ni nani, nikamwambia Mwale. Akasema, "Siye. Mwale anaomba msamaha."

Baada ya kuzika, Festo alichukua watu akaenda nao zahanati. Nilikwenda nyuma yao. Alimpungia Sista ile kadi usoni. "Umeandika kimekauka! Sahihi yako hii hapa! Ulimwona?" Sista akasema, "Sikumwona. Soma mpaka mwisho, kaka." Festo hakusoma, alikuwa analia. Ndipo Sista akasema, "Muulizeni mama Lusia."

Wakageuka wote. Nilikuwa nimefungwa kitambaa cha msiba kichwani. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni kilio. Kilikuwa kilio cha kweli, lakini nilikiacha kiendelee kwa sababu niliona kinanisaidia. Mama mmoja akasema, "Mwacheni mjane wa watu." Wakaniacha. Hakuna aliyeniuliza tena, siku ile wala siku nyingine yoyote. Mjane haulizwi.

Kadi ilianguka chini, nikaiokota. Nimeibandika nyuma ya karatasi hii. Soma mwandiko wake. Ameandika: "Kidonda kimekauka, kwa maelezo ya mke. Sijakiona. Nitarudi Alhamisi." Na chini, kwa kalamu nyingine: "Alhamisi. Mke anasema kimepona. Sikuruhusiwa kuingia." Alihamishiwa Mkwajuni miezi michache baadaye kwa sababu watu wa mtaa huu walikataa kutibiwa naye. Alifanya kazi huko mpaka akastaafu. Kabla hajaondoka, kila mtu aliyepita zahanati alisema, ndiye huyo. Nami nilikuwa nauza chai hatua mia moja kutoka hapo.

Nilijiambia nitakuambia ukimaliza darasa la saba. Halafu kidato cha nne. Halafu siku moja ukaingia unasema umechagua uuguzi, na nilipokuuliza kwa nini, ulisema, "Ili niwe nesi asiye kama yule." Hapo ndipo woga wangu ulipopata mwili. Kazi yako umeijenga juu ya uongo wangu. Naogopa nikiuondoa, kazi nayo itaanguka. Labda utasoma hadi hapa uchukue sanduku ulifungue upya. Labda utaniuliza kwa nini sikufa mimi. Nimeyasikia maneno hayo kwa sauti yako mara nyingi, nikiosha vikombe.

Lakini tangu Jumamosi nina woga mwingine uliouzidi huo. Naogopa utaingia wodini unaamini kwamba watu hufa kwa sababu ya manesi wavivu. Wewe si mvivu, kwa hiyo utaona uko salama. Halafu mke wa mtu, amejifunga kitenge safi, mpole, amekuletea ndizi, atakuambia kwa sauti nzuri kama yangu, "Kimekauka, sista." Nawe utamwamini, maana mama yako hajawahi kukuambia kwamba mke mwema anaweza kusema hivyo juu ya mume anayempenda. Nilimpenda baba yako. Ningetaka hilo nalo uliandike kwenye madaftari yako, sijui kwa neno gani.

Sina elimu ya kukufundisha kazi. Ninachojua ni upande wa pili, maana nilikuwa huko mimi. Nilikuwa nasubiri mtu anishinde. Sista alipouliza rangi, niliona karibu anishinde. Swali lile lilikuwa limekaribia. Kama swali lingekuwa, "Kinanuka?", sijui ningejibu nini. Mtu wa nyumbani hajui gamba la kupona na gamba la kufa, kwake yote ni kukauka, na jina hilo ni la furaha, hatakubali ulichukue hivihivi. Usimgombeze. Mimi ningegombezwa ningefunga mlango mapema zaidi. Mpe kazi, mwambie akushikie taa, mwombe maji ya kunawa, mtoe mkwe nje kwa kisingizio chochote kizuri kisichomwaibisha. Halafu funua. Hata kama mgonjwa amegeuza uso ukutani, funua.

Wala simlaumu Sista kwa kutofunua. Mlango nilikuwa nimeusimamia mimi. Nakuandikia hivi kwa sababu najua wewe una ubishi wa baba yako, na safari hii nataka ubishi huo.

Nimesikia saa kumi ikilia kwa jirani. Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii niiweke chini ya mashuka kwenye sanduku, uikute ukiwa mbali, na mimi niwe hapa nikingoja simu. Nimeiweka, nimeitoa. Huo ungekuwa mwendo uleule wa kulia mbele ya zahanati. Kwa hiyo nitakupa mkononi ukishamaliza kunawa miguu, na nitakaa chumba hichohicho mpaka uimalize. Ukitaka kupiga kelele, piga. Majirani wakisikia, wasikie. Festo nitamwambia mwenyewe nikirudi.

Nimekata tiketi ya pili kwenye basi lako la kesho. Yangu inaishia Vwawa. Muuza mabeseni amenielekeza, Sista Agripina anakaa nyuma ya mashine ya kukoboa, nyumba yenye mlango wa bluu. Sijui nitaanzaje. Nimejaribu maneno leo asubuhi ulipoondoka, nimeyasema kwa sauti hapa chumbani, yote yanaanza na "mimi," halafu yanakwama. Labda atanifungia mlango. Ana haki.

Kiti changu kiko jirani na chako. Kama hutataka kukaa nami, konda amesema kile cha nyuma kabisa hakina mtu, nitakaa huko. Kama hutataka kusafiri kabisa, sitakushika mkono wala kukusukuma, lakini mimi nitapanda. Nikishuka Vwawa sitagonga dirisha lako. Nitavuka barabara moja kwa moja, maana nikigeuka najijua nitarudi kwenye basi. Wewe ukitaka, tazama nje uone kama nimevuka.

Mama yako